Joto la Malindi halimo ndani ya plagi

Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwezi wa Septemba 2023, kila mwenye gari hapa Malindi, Pwani ya Kenya, alianza kutafuta pa kujinusuru. Bei ilishuka baadaye, lakini msako haukukoma, na siku hizi umeishia kwenye kidude kisichozidi urefu wa kidole: plagi, ile inayorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Kaa saa moja kwenye gereji za Maweni au Kisumu Ndogo utasikia mambo matatu yakirudiwa. Kwamba ukitia plagi zenye ncha ya madini ya iridiamu, Toyota Probox itaruka kama swala. Kwamba ukikata kwa msumeno ulimi wa plagi, kile chuma kilichopinda mbele ya ncha, au ukipanua gepu, ile nafasi ambayo cheche huiruka, moto utakuwa mkubwa na petroli itapungua. Na kwamba kwa kuwa Pwani ni joto, gari la huku linataka plagi baridi, yaani inayomwaga joto lake upesi. Video zinahama kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, fundi kashika plagi iliyokatwa, injini inanguruma, na watu wanaamini.

Mimi naona jambo hili tumelishika mkiani. Plagi haina nguvu yoyote ya kulipa gari. Kazi yake ni kutoizuia nguvu iliyomo ndani ya petroli. Injini yenye plagi zilizochaguliwa sawasawa, zilizo safi, imeshapata yote ambayo plagi inaweza kuipa, na anayetafuta zaidi ya hapo anatoa pesa ili aharibiwe. Na hilo la tatu, la plagi baridi kwa sababu ya jua la Pwani, ndilo linaloniuma kuliko yote, maana limekaa kama hekima na ni kinyume cha ukweli. Gari linalozunguka mjini Malindi, kama lingekuwa na haja ya kubadilishiwa, lingeelekea kutaka plagi ya moto zaidi.

Tuanze na cheche yenyewe. Koili ya gari, kifaa kinachoipa plagi umeme wake, hutoa volti 20,000 hadi 40,000, na namba hiyo ndiyo inayowatia watu wazimu. Lakini volti ni msukumo tu. Nishati iliyomo ndani ya cheche moja haifiki hata sehemu moja ya kumi ya juli, kipimo cha nishati. Chukua Probox ya lita 1.5: silinda moja ikijaa sawasawa na dereva kakanyaga mafuta hadi chini, petroli inayoungua kwa mpigo mmoja hutoa zaidi ya juli 1,000. Cheche basi haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya kazi inayofanyika humo. Aliyewahi kuona paa la makuti likishika moto hapa Malindi analijua hili bila hesabu. Makuti makavu yakishika, hakuna anayeuliza kama yalianzia kwenye njiti ya kiberiti au kwenye jiko la mkaa; upepo na ukavu ndio unaoamua. Silinda ni hivyo hivyo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukishawaka vizuri, umewaka, na kuuwasha kwa cheche nene zaidi hakuongezi petroli iliyokuwemo.

Wanaosema wamehisi tofauti hawasemi uwongo, na hapo ndipo penye mtego. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupigiwa cheche mara 25 kwa sekunde moja. Plagi iliyochakaa, gepu limepanuka, masizi yamejaa, hukosa mpigo mmoja hapa na mmoja pale. Dereva hasikii gari likikohoa. Anaona tu limekuwa zito kwenye mwinuko na linakunywa. Anatia plagi mpya za iridiamu, gari linaamka, naye anasifu iridiamu. Alichopata ni nguvu yake mwenyewe iliyokuwa ikimwagika kwenye ekzosi. Angetia plagi mpya za kawaida, za nikeli, angepata karibu ile ile. Kulinganisha plagi mpya na plagi ya miaka mitatu si kulinganisha iridiamu na nikeli. Ni kulinganisha upya na uchakavu.

Kuna jaribio moja ambalo marubani hulifanya kila siku na linatufaa sana. Ndege ndogo za injini ya pistoni zina plagi mbili kwa kila silinda, na kila upande una magneto yake, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Kabla ya kuruka, rubani huzima upande mmoja akaangalia mshale wa mizunguko, kisha huzima wa pili. Mizunguko hushuka kidogo tu, mia moja na kitu kati ya elfu moja na mia saba au nane. Yaani ukiondoa nusu nzima ya cheche za injini, unapoteza kipande kidogo cha kazi, na hata hicho hupotea kwa sababu moto unaoanzia upande mmoja huchelewa kufika upande wa pili. Kama nusu ya cheche ina thamani hiyo tu, cheche moja iliyonenepeshwa kwa msumeno italeta nini?

Iridiamu nayo nitaitendea haki. Ni madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 2,446, wakati nikeli huyeyuka kwenye 1,455. Kwa sababu hiyo ncha yake inaweza kufanywa nyembamba, milimita 0.4 hadi 0.6, na isiliwe upesi. Ncha nyembamba hurusha cheche kwa volti ndogo zaidi, haiunyonyi sana moto mchanga unapoanza, na huisamehe koili iliyochoka. Plagi za nikeli huomba kubadilishwa kila kilomita 20,000 hadi 30,000. Nyingi za iridiamu zimetengenezwa zidumu hadi kilomita 100,000. Kwa gari ambalo plagi zake zimejificha, kama Subaru ambayo silinda zake zimelala ubavuni na fundi huumia vidole kuzifikia, kudumu huko ni faida halisi. Kama gari lako lilitoka kiwandani na iridiamu, lirudishie iridiamu. Unanunua umri mrefu, na hilo si haba. Mbio haimo kwenye bei hiyo.

Ila hakikisha umeinunua kweli. Niliwahi kulipia seti ya iridiamu kwenye duka moja la spea, nikafika nyumbani nikazitazama juani kwa kioo cha kukuzia: ncha ilikuwa nikeli ya kawaida iliyosagwa ikawa nyembamba, na alama za tupa bado zinaonekana. Zingekuwa zimeliwa kabla ya miezi michache.

Sasa joto. Majina yenyewe, plagi baridi na plagi ya moto, ndiyo yaliyotupoteza, kwa sababu hayazungumzii hali ya hewa hata kidogo. Ndani ya plagi kuna pua ya kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Pua ikiwa ndefu, joto linaloipata ncha husafiri njia ndefu kabla ya kufika kwenye ganda la chuma, kisha kwenye kichwa cha injini na kwenye maji ya rejeta. Ncha hubaki na moto wake, na plagi hiyo huitwa ya moto. Pua ikiwa fupi joto hutoroka upesi, nayo huitwa baridi. Kinachotakiwa ni ncha ikae kati ya nyuzi 500 na 850 hivi. Ikishuka chini ya 450, masizi hayaungui. Hujilundika juu ya kauri, na umeme badala ya kuruka kwenye gepu huteleza juu ya masizi hadi kwenye ganda, cheche ikafa. Ikipanda juu mno, ncha hugeuka kaa la moto, mchanganyiko huwaka kabla ya cheche, na mwisho wake ni pistoni iliyotobolewa. Ukibadilisha plagi kwa hatua moja tu, ncha huhama nyuzi 70 hadi 100.

Pima jua letu dhidi ya hayo. Adhuhuri ya Malindi mwezi wa Machi na asubuhi ya Limuru, kule bara kwenye baridi, hazipishani zaidi ya nyuzi 20 hivi. Ndani ya silinda moto hupita nyuzi 2,000. Themostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza, nayo huyashikilia maji ya injini karibu na nyuzi 90, uwe Malindi au Limuru. Tofauti ya jua inamezwa kabla haijafika kwenye plagi. Kinachoamua joto la ncha ni mzigo na mwendo: injini inafanya kazi ngumu kiasi gani, na kwa muda gani. Matatu inayokwenda Mombasa bila kupumzika, kilomita 120 hivi, inazichoma plagi zake zikawa safi. Tuktuk inayotoka stendi kwenda Shella, ikasimama, ikaenda Barani, ikasimama, ikangoja abiria huku injini inanguruma bure, haijawahi kuipa plagi nafasi ya kupata moto wa kujisafisha. Hiyo ndiyo tunayoitilia plagi baridi. Na mafundi wengi wa Pwani wameshazoea kuitoa themostati ya gari na kuitupa, kwa hoja ile ile ya kwamba huku ni joto, kwa hiyo injini yenyewe haifiki moto wake. Baridi juu ya baridi, kisha tunashangaa plagi imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Wavuvi wetu walilijua hili zamani. Mashine za boti za mipigo miwili huchanganyiwa oili kwenye petroli, na plagi zake huchafuka upesi kuliko za gari lolote. Mvuvi anayeburura ndoana polepole asubuhi nzima anajua plagi itachafuka, kwa hiyo mara kwa mara hufungulia mashine mafuta kwa dakika chache ili ijikohoze. Jirani yake anayekimbia moja kwa moja nje ya mwamba na kurudi hana taabu hiyo. Bahari moja, jua moja, plagi aina moja. Mwendo ndio uliotofautiana. Na yule wa kwanza hutembea na plagi ya akiba ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa kwa mpira wa tairi, kwa sababu chumvi hula ganda lake hata kama haijatumika. Mtu anayeweza kuachwa na mkondo usiku hana muda wa hadithi za gereji.

Wanaotetea plagi baridi wana hoja moja nzuri, na ningependa wangeitumia hiyo badala ya jua. Malindi iko usawa wa bahari, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu. Hewa ya huku ni nzito zaidi, silinda hujaa zaidi, na injini ikikanyagwa hadi mwisho hutoa moto mwingi kuliko kule bara. Hilo ni kweli. Lakini injini ya Probox ilichaguliwa plagi yake na watu wa Japani, ambako miji mikubwa na viwanda viko karibu na bahari kama sisi. Sisi ndio tunaoishi kwenye hali ambayo mtengenezaji aliifikiria. Ni gari la Nairobi ndilo linaloishi ugenini. Kwa hiyo hewa nzito ya Malindi inatufundisha kufuata kitabu cha gari, haitufundishi kukiacha.

Plagi baridi ina mahali pake. Mtu aliyeongeza msukumo wa tabo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, kwenye Subaru yake, au aliyeifanya injini iubane mchanganyiko zaidi, ameongeza moto ndani ya silinda na ni lazima aushughulikie. Desturi ya wenye kazi hiyo ni kwenda kwenye plagi baridi zaidi kwa hatua moja kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Wangapi hapa Malindi wameongeza nguvu za farasi 75? Ninaowajua mimi hawajai mkono mmoja. Hata hao wajihadhari na namba ya joto iliyoandikwa kwenye plagi. Kwa plagi za kampuni za NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. NGK 6 inalingana na Denso 20. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Mtu akihama kampuni, akachagua namba kubwa akidhani amepata baridi, amejitilia kaa ndani ya injini aliyoikaza mwenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya msumeno. Wanasema magari ya mashindano hukatwa ulimi wa plagi, basi na letu likatwe. Ni kweli kuna waliofanya hivyo, ili moto mchanga usizuiwe na chuma kilichoufunika, na wengine hugeuza plagi ili uwazi wake utazame vali ya kuingiza hewa. Faida wanayoitafuta ni ya sekunde chache mwisho wa siku, na plagi hizo hutupwa baada ya mbio. Sisi tunataka plagi ifike mwaka mmoja. Ulimi uliokatwa una kona moja inayobeba cheche zote. Huliwa upesi, gepu hupanuka, na kila gepu linavyopanuka koili hudaiwa volti zaidi. Mwenye Probox ana koili nne, moja juu ya kila plagi, na bei ya koili moja humeza akiba yoyote ya petroli aliyoahidiwa. Kupanua gepu makusudi ni kuufikia uchakavu huo kwa njia ya mkato. Plagi iliyoandikwa 11 mwishoni, kama BKR6E-11, imetoka kiwandani na gepu la milimita 1.1, ipime kwa fila, kile kibati cha kupimia gepu, kabla ya kuitia, na uiache hapo. Ile R iliyomo katikati ya jina nayo isiwachukize watu. Ni kizuizi kidogo kinachotuliza kelele za umeme. Wazee wanaosema inapunguza moto walijifunza kwenye magari ambayo hayakuwa na kompyuta. Gari la leo likipigwa kelele hizo linaweza kusoma mambo yasiyokuwepo.

Kuna ufundi mmoja wa zamani ambao ningeutetea. Cheche hupenda kona kali, na plagi ya nikeli iliyochakaa huwa imekuwa duara. Kuipitisha tupa nyembamba hadi kona zirudi, kisha kuirudisha gepu lake, huipa maisha ya muda mfupi yaliyo halali kabisa. Mzee anayefanya hivyo kwa bodaboda isiyo na pesa anafanya jambo la maana. Asiiguse iridiamu tu; tupa na brashi ya waya huvunja ile ncha.

Lakini thamani kubwa ya plagi ni habari inayoleta kutoka ndani. Kuna fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe, sitamtaja jina, ambaye nimemwona akizichomoa plagi nne za Probox na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza hadi ya nne. Mwenye gari alikuwa amekuja na pesa za iridiamu mkononi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ambayo ndiyo rangi ya afya. Ya tatu katika mstari ilikuwa imelowa, nyeusi hadi juu kwenye kauri ya nje. Fundi akainusa, akaingiza kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndani ya tundu la plagi, kikatoka na oili. Sili ya mpira juu ya tundu ilikuwa imekauka, oili ya juu ya injini ikashuka taratibu ikaizamisha plagi na mpira wa koili, na cheche ikawa inatorokea nje. Iridiamu nne zingezama vilevile, ya tatu kwanza.

Mara nyingine habari ni ya mafuta. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, hasa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli na petroli ili kuuzwa ghali. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huacha masizi na huifanya injini igonge, na dereva asiyejua hukimbilia plagi. Mara nyingine ni fundi mwenyewe hakukaza: plagi mpya yenye washa, ile pete ya chuma shingoni, baada ya kufika mwisho kwa vidole, inataka nusu mzunguko hadi thuluthi mbili. Ikiachwa legelege haina njia ya kumwaga joto, na ikikazwa kwa hasira hula uzi wa kichwa cha alumini.

Kama haya yanajulikana, kwa nini plagi za miujiza zinauzika? Nadhani jibu liko kwenye nani analipa nini. Dereva wa tuktuk humpelekea mwenye chombo hesabu yake jioni, na petroli hununua mwenyewe. Spea kubwa ni za mwenye chombo. Ukimwambia dereva kwamba plagi iliyokatwa itampunguzia petroli, anajaribu, maana akiba ni yake na koili itakayoungua si yake. Mwenye chombo naye haoni chochote hadi injini ifunguliwe. Maadamu wawili hawa hawajakubaliana kwamba plagi haiguswi bila wote kujua, mafunzo yoyote ya mafundi yatapita juu juu. Kwa matuktuk ningependekeza plagi zichomolewe mbele ya wote wawili mara moja kila mwezi, zitazamwe, zirudi kwenye matundu yao.

Na fundi alipwe kwa kutazama. Yule wa chini ya mwembe alibadilisha sili, akafuta tundu, akarudisha plagi tatu zile zile na kununua moja ya nikeli kama wenzake. Gari likaamka. Mteja akauliza bei, akatajiwa ya sili na ya plagi moja, akalipa huku akinung'unika kwamba alikuja na pesa za plagi nne na anaondoka na pete ya mpira. Ile nusu saa ya kunusa na kutazama haikuwa na bei mahali popote. Duka la ng'ambo ya barabara lingemuuzia iridiamu nne, na angeondoka kafurahi.